Cheni inaruka, gia hazishiki: jinsi ya kutafuta kasoro kwenye baiskeli ya milimani

Mvua zikianza, maswali huwa ni yaleyale. Cheni inaruka nikipanda mlima. Gia inajibadilisha yenyewe. Nimeweka cheni mpya na mambo yamekuwa mabaya zaidi. Nimezungusha skrubu zote za nyuma na bado. Leo anayeuliza yuko Njoro, kesho yuko Kondele, keshokutwa ni mwanafunzi wa Maseno aliyenunua baiskeli ya milimani ya mitumba na haijamaliza muhula bila kumsumbua. Nimeamua kuyajibu yote mahali pamoja, kwa mpangilio, ili ukiwa na baiskeli mbele yako uanze hatua ya kwanza na kushuka nayo hadi kasoro ipatikane.

Kinachowapotosha wengi ni kuanza na skrubu. Zile skrubu ndogo za deraila hazilegei ovyo. Kama gia zilikuwa zikiingia vizuri mwezi uliopita na leo haziingii, basi karibu kila mara kilichobadilika ni kimojawapo cha vitu vitatu: cheni imechakaa, waya umeshika uchafu au kutu, au hanga imepinda baiskeli ilipoanguka upande wa kulia. Ukizungusha skrubu kabla ya kukagua hayo, kasoro ya kwanza inabaki palepale na umeongeza ya pili. Kwa hiyo usiguse skrubu hata moja kabla ya kufika hatua ya 8.

Majina nitakayotumia

Sproketi za mbele ni zile za meno zilizo kwenye kranki, yaani mikono inayoshika pedeli. Sproketi za nyuma zimekaa pamoja kwenye gurudumu, na pamoja zinaitwa friwili au kaseti, kutegemea aina. Deraila ya nyuma ni ule mkono unaoning'inia chini ya sproketi za nyuma, wenye puli mbili ndogo za plastiki. Hanga ni kipande cha chuma ambacho deraila imefungwa kwacho. Shifta ni ile ya kubadilisha gia kwenye usukani. Loki ni kiungo cha cheni kinachofungwa na kufunguliwa bila kutoa pini.

Vitu vya kuandaa

- Tepu ya kupimia yenye inchi
- Bisibisi ya nyota na bisibisi bapa ndogo
- Funguo za L za milimita 4, 5 na 6
- Spana namba 15
- Koleo
- Kifaa cha kukatia cheni
- Loki mpya inayolingana na cheni yako
- Mswaki wa zamani, vitambaa vikavu, bakuli, mafuta ya taa kidogo, maji na sabuni
- Oili ya cheni
- Kamba ya kuning'iniza baiskeli

Kuhusu hiyo kamba: watu wengi huigeuza baiskeli ikasimama kwa kiti na usukani. Kwa kuziba pancha ni sawa, lakini kwa kazi ya gia utasumbuka, maana deraila inakuwa juu chini na shifta zimelalia udongo. Funga kamba kwenye tawi la mti au boriti, ning'iniza baiskeli kwa kiti mpaka gurudumu la nyuma lielee. Sasa unaweza kuzungusha pedeli kwa mkono mmoja na kubadilisha gia kwa mwingine.

Onyo moja kabla ya yote: cheni inapozunguka, weka vidole mbali, na watoto pia. Kidole kikiingia kati ya cheni na sproketi kinakatika. Ukitaka kusafisha cheni inayozunguka, zungusha pedeli kinyumenyume na ushike kitambaa kwenye ile sehemu ya chini ya cheni, mbali na meno.

Hatua ya 1. Jua inaruka lini

Usifungue kitu bado. Endesha kwenye barabara tambarare isiyo na magari, kisha kwenye kilima kidogo, na usikilize kwa makini. Mdundo wa kuruka utakuonyesha pa kuanzia.

Ikigonga mara moja kwa kila mzunguko wa pedeli, kasoro iko mbele: pedeli, kranki iliyolegea, au jino lililopinda kwenye sproketi ya mbele.

Ikiruka mara moja kila baada ya mizunguko miwili na nusu, mitatu hivi, ya pedeli, tafuta kiungo kimoja kigumu kwenye cheni. Hesabu yake ni rahisi. Cheni ya baiskeli ya milimani huwa na viungo mia moja na zaidi kidogo. Sproketi ya mbele ya meno 42 inavuta viungo 42 kwa kila mzunguko, kwa hiyo kiungo kibovu kinarudi nyuma baada ya mizunguko miwili na nusu. Ukiwa kwenye sproketi ndogo zaidi mbele, kitachelewa zaidi kurudi.

Ikiruka bila mpangilio wowote, na tu unapokanyaga kwa nguvu, cheni au meno yamechakaa. Hii ndiyo kasoro ninayoulizwa kuliko zote, hasa na wanaopanda kutoka Mamboleo kwenda Riat au wanaopandisha Menengai.

Ikisitasita kati ya gia mbili hata kwenye tambarare, shuku waya au hanga.

Hatua ya 2. Safisha kwanza

Huwezi kukagua usichokiona. Vumbi jepesi la Nakuru, lile la udongo wa majivu ya volkano, likichanganyika na oili linakuwa dawa ya kusaga chuma. Udongo mweusi wa uwanda wa Kano unanata na kujaa kati ya sproketi mpaka cheni haiwezi kukaa chini kabisa kwenye meno, ikaruka hata kama haijachakaa. Kakamega na Vihiga ni tope jekundu lenye changarawe ndani yake.

Chovya mswaki kwenye mafuta ya taa, sugua cheni pande zote nne, sugua puli mbili za deraila (uchafu mgumu hukaa hapo), kisha pitisha ncha ya bisibisi bapa kati ya sproketi za nyuma. Osha kwa maji na sabuni, pangusa, acha ikauke juani. Usitie oili bado.

Makosa ya kuepuka hapa ni mawili. Usitumie petroli, inashika moto kwa urahisi mno na haina faida ya ziada. Na usielekeze mashine ya kuoshea magari kwenye ekseli, kranki au friwili. Maji ya nguvu yanapenya ndani na kuondoa grisi, na gololi zinaanza kutu.

Mafuta yasiguse rimu wala diski ya breki. Kama baiskeli yako ni ya diski, funika diski hiyo kwa mfuko wa plastiki kabla ya kuanza.

Hatua ya 3. Pima cheni

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu.

Cheni zote za baiskeli zina umbali uleule kutoka pini hadi pini: nusu inchi, yaani milimita 12.7. Watu husema cheni "imevutika", lakini bati zake, vile vipande bapa vya pembeni, hazirefuki. Pini na matundu yake ndiyo yanayolika kidogokidogo, na jumla ya kulika huko ndiyo inayoifanya cheni iwe ndefu. Ikisharefuka, haikai tena sawasawa kwenye meno. Inapanda juu ya jino, na siku ukikanyaga kwa nguvu inalivuka.

1. Weka cheni kwenye sproketi ndogo nyuma na kanyagia pedeli kidogo ili sehemu ya juu ya cheni ikazike.
2. Shika tepu sambamba na cheni. Usianzie kwenye ncha ya tepu kwa sababu ile ndoano hulegea. Anzia kwenye alama ya inchi 1.
3. Linganisha katikati ya pini moja na alama hiyo.
4. Hesabu inchi 12 mbele, yaani fika kwenye alama ya inchi 13. Pini ya 24 kutoka pale ulipoanzia inapaswa kuwa pale pale kwenye alama.

Sasa soma matokeo. Pini ikiwa juu ya alama, au imeivuka kwa unywele tu, cheni ni nzima. Kasoro iko kwingine. Ikiwa imevuka kwa milimita 1.5, ambayo ni moja ya kumi na sita ya inchi, badilisha cheni sasa na huenda ukaokoa sproketi. Ikiwa imevuka kwa milimita 3, cheni imekwisha na kuna uwezekano mkubwa imekwishakula sproketi za nyuma pia.

Kwa baiskeli za sproketi 11 au 12 nyuma usingoje ifike milimita 2. Cheni zake ni nyembamba na kaseti zake ni ghali, kwa hiyo milimita 1.5 ndiyo mwisho.

Rudia kipimo sehemu mbili au tatu za cheni. Za mitumba mara nyingine zimeungwa kutoka cheni mbili tofauti, kipande kimoja kikiwa kizima na kingine kimekwisha.

Hatua ya 4. Kagua meno

Jino zima lina mabonde yanayofanana pande zote mbili. Jino lililolika limelala upande mmoja na ncha yake imechongoka kama pezi la papa. Angalia hasa sproketi unazozitumia zaidi. Kwa wengi wetu ni zile mbili au tatu za katikati. Mtu anayesema "inaruka gia ya tatu na ya nne tu" kwa kawaida amezila hizo mbili na nyingine bado ni nzima.

Hapa ndipo lilipo jibu la wale walioweka cheni mpya ikaruka kuliko ya zamani. Cheni ya zamani na sproketi za zamani zilikuwa zimelika pamoja, zikazoeana. Cheni mpya ina vipimo sahihi, haikubaliani na meno yaliyolika. Si kwamba umeuziwa cheni mbaya. Unahitaji friwili au kaseti pia.

Kabla ya kwenda kununua, jua ni ipi uliyo nayo. Tazama katikati ya sproketi za nyuma, pale penye vijino vya ndani vya kuingizia kifunguzi. Zungusha sproketi kinyumenyume huku gurudumu limetulia. Vile vijino vya katikati vikizunguka pamoja na sproketi, hiyo ni kaseti. Vikibaki vimetulia, ni friwili, ambayo imefungwa kwa nyuzi za skrubu moja kwa moja kwenye gurudumu. Vifunguzi vyake ni tofauti, na friwili hukazwa na kila kanyago lako, kwa hiyo kuitoa kunataka kifunguzi chake halisi, spana ndefu au jiliwa, na nguvu za watu wawili. Ukiharibu vile vijino kwa kupigapiga na patasi, umejifungia mlango. Kama huna kifunguzi, peleka gurudumu peke yake kwa fundi akutolee.

Hatua ya 5. Tafuta kiungo kigumu

Zungusha pedeli kinyumenyume polepole, macho yakiwa kwenye puli ya chini ya deraila. Kiungo kigumu hakijikunji. Utaona deraila ikiruka kidogo kinapopita. Kiweke alama ya chaki.

Kishike kwa mikono miwili, vidole gumba vikiwa pande mbili za pini, ukipinde cheni kwa upole kushoto na kulia, si juu na chini. Mara nyingi kinalegea. Tia tone moja la oili. Kisipolegea, au bati yake imepinda au ina ufa, kitoe.

Hatua ya 6. Kagua hanga

Simama nyuma ya baiskeli, chuchumaa, uangalie kwa jicho moja. Puli mbili za deraila na sproketi inayoshika cheni zinapaswa kuwa kwenye mstari mmoja wima. Ikiwa sehemu ya chini ya deraila imeelekea ndani kwenye spoki, hanga imepinda. Baiskeli iliyosafirishwa juu ya matatu chini ya magunia, au iliyopakiwa kwenye lori na nyingine nyingi, ichunguze hapa kabla ya kitu kingine chochote.

Kwenye baiskeli nyingi za bei nafuu, hanga ni bamba linaloshikwa na nati ya ekseli ya nyuma. Kila ukitoa gurudumu kuziba pancha, bamba hilo linahama. Legeza nati kwa spana namba 15, sukuma bamba likae hadi mwisho wa nafasi yake, hakikisha gurudumu liko katikati ya fremu, kaza tena. Wengi gia zao hurudi hapo hapo.

Kama hanga ni sehemu ya fremu ya chuma, inaweza kunyooshwa. Toa deraila, chukua gurudumu la nyuma la baiskeli nyingine lenye ekseli ya milimita 10, ingiza ncha ya ekseli kwenye tundu la hanga na uizungushe kwa vidole. Ikiingia kwa ulaini, sasa una magurudumu mawili ubavu kwa ubavu. Yanapaswa kuwa sambamba juu, chini, mbele na nyuma. Vuta lile la nje polepole mpaka yalingane. Ikikataa kuingia kwa vidole, acha. Nyuzi ni tofauti na ukilazimisha utaziua.

Hanga ya alumini ni hadithi nyingine. Ikishapinda sana, kuinyoosha huiacha na ufa, na siku itakapokatika itaitupa deraila ndani ya spoki. Nunua mpya yenye umbo lilelile. Nenda dukani na ile ya zamani mkononi, maana zina maumbo mengi mno kuyakumbuka kwa kichwa.

Hatua ya 7. Waya na kava yake

Cheni ikipanda vizuri kwenda sproketi kubwa lakini kushuka kwenda ndogo inachelewa, au ikishuka baada ya wewe kugonga shifta mara mbili, waya unakwama ndani ya kava.

1. Zungusha pedeli na uweke cheni kwenye sproketi kubwa kabisa ya nyuma.
2. Acha kuzungusha. Bila kugusa pedeli, rudisha shifta hadi namba ya sproketi ndogo kabisa. Waya utalegea.
3. Sasa kava zinaweza kutolewa kwenye vishikio vya fremu bila kufungua kitu. Zitelezeshe, upanguse waya mzima kwa kitambaa, utie oili kidogo sana.
4. Angalia waya karibu na shifta na karibu na deraila. Uzi hata mmoja ukiwa umekatika, badilisha waya wote. Utakatika kabisa ukiwa mbali na nyumbani.

Kava ya gia na kava ya breki hazifanani ndani. Ya breki ina chuma kilichozungushwa kama springi, kwa hiyo inabonyea kidogo, na hako kadogo kanatosha kupoteza gia. Ya gia ina nyuzi zilizonyooka. Ukiweka ya breki kwenye gia utahangaika bure. Kinyume chake ni hatari ya kweli: kava ya gia kwenye breki inaweza kupasuka unapobana kwa nguvu, na hapo utakuwa ukiteremka Nandi Hills bila breki. Hakikisha fundi hafanyi hivyo kwa sababu tu ndiyo iliyobaki dukani.

Hatua ya 8. Skrubu za mipaka

Sasa unaweza kushika bisibisi. Deraila ina skrubu mbili zilizokaa pamoja, zenye alama H na L. H inazuia cheni isivuke sproketi ndogo ikaangukia upande wa fremu. L inaizuia isivuke sproketi kubwa ikaingia kwenye spoki. Kuzungusha kuelekea mwendo wa saa kunapunguza nafasi ya deraila kutembea.

Weka cheni kwenye sproketi ndogo kabisa, waya ukiwa umelegezwa kwenye boliti inayoubana kwenye deraila. Zungusha H mpaka puli ya juu iwe moja kwa moja chini ya sproketi ndogo. Vuta waya kwa koleo, kaza boliti. Kisha sukuma deraila kwa mkono hadi sproketi kubwa huku ukizungusha pedeli polepole. Cheni ipande, na deraila isisogee hata kidogo zaidi ya hapo. Rekebisha L kwa robo mzunguko kila mara.

Usijaribu L kwa mara ya kwanza ukiwa umepanda baiskeli. Cheni ikiingia kwenye spoki inakata spoki, inang'oa deraila na kuvunja hanga kwa mara moja.

Hatua ya 9. Nati ya marekebisho

Mahali waya unapoingia kwenye deraila, au unapotoka kwenye shifta, kuna nati ya plastiki inayozungushwa kwa vidole. Hii ndiyo ya kulainisha gia, si zile skrubu.

Anza sproketi ndogo, gonga shifta mara moja. Cheni isipopanda ya pili, au ikisitasita, zungusha nati kinyume cha mwendo wa saa nusu mzunguko, ukiitazama kutoka nyuma ya deraila, waya unakazika. Ikiruka hadi ya tatu, au ikikwaruza sproketi ya juu yake, zungusha upande wa pili. Fuata gia zote kupanda na kushuka. Marekebisho ni madogo: nusu, robo, robo tena.

Hatua ya 10. Skrubu ya tatu

Kuna skrubu nyingine iliyo peke yake, nyuma ya deraila, inayosukuma hanga. Inaamua umbali kati ya puli ya juu na sproketi kubwa. Milimita 5 au 6 zinatosha kwa baiskeli nyingi za sproketi 7 hadi 9. Puli ikigusa sproketi utasikia mngurumo kwenye gia nyepesi. Kaza skrubu hiyo mpaka unyamaze.

Kuweka cheni mpya

1. Hesabu sproketi za nyuma. Za 6, 7 na 8 hutumia cheni ya aina moja. Za 9, 10, 11 na 12 kila moja ina yake, nyembamba zaidi. Cheni nene ya Black Mamba, ile baiskeli nzito isiyo na gia, haifai kabisa. Haiingii kati ya sproketi.
2. Pata urefu. Zungusha cheni kwenye sproketi kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kuipitisha kwenye deraila, ikutanishe, kisha ongeza viungo viwili. Hapo kata. Baiskeli yenye springi nyuma ipimwe springi ikiwa imebonyezwa hadi mahali ambapo cheni inahitaji urefu zaidi.
3. Ipitishe kwenye puli. Puli ya juu, cheni inapita mbele. Ya chini, inapita nyuma. Kuna kibati kidogo katikati ya mkono wa deraila. Cheni ipite ndani yake, isikikwaruze. Kosa hili ni la kawaida na sauti yake inawatesa watu wiki nzima.
4. Funga loki, ilete juu kati ya sproketi, bana breki ya nyuma na ukanyage pedeli kwa nguvu. Itajifunga kwa mlio.

Usirudishe pini ya zamani uliyoitoa kwenye cheni nyembamba. Itashika leo na kufunguka kwenye mlima. Tumia loki.

Oili

Tone moja kwa kila kiungo, upande wa ndani wa cheni, zungusha pedeli, ngoja dakika chache, kisha pangusa mpaka nje iwe kavu. Oili inafanya kazi ndani ya pini. Iliyobaki nje inakusanya vumbi tu. Nakuru, Gilgil na Naivasha wakati wa kiangazi, oili nyepesi, hata ya cherehani, inafaa ukiitia mara kwa mara. Kisumu, Kakamega na Bungoma mvua zikinyesha kila alasiri, hiyo inaoshwa siku moja. Tumia nzito zaidi. Oili chafu ya injini iliyomwagwa gereji usiitie. Imejaa unga wa chuma. Grisi ya kupaka nje nayo ni hasara.

Kasoro nyingine

*Cheni inaanguka mbele.* Kama inaanguka kwa ndani, skrubu ya L ya deraila ya mbele imelegea au cheni ni ndefu. Kwa nje, ni H. Angalia pia urefu wa deraila yenyewe: bati yake ya nje ipite juu ya meno ya sproketi kubwa kwa milimita 2 au 3, na iwe sambamba nayo.

*Cheni inanata kwenye sproketi ndogo ya mbele na kuvutwa juu hadi kwenye fremu.* Acha kukanyaga mara moja, rudisha pedeli nyuma. Sababu ni tope, cheni kavu, au meno yenye vinyweleo vya chuma. Safisha, tia oili, chonga vinyweleo kwa tupa ndogo.

*Inakwaruza tu kwenye kubwa mbele na kubwa nyuma, au ndogo na ndogo.* Baiskeli haina kasoro. Cheni inavutwa kimshazari. Usitumie michanganyiko hiyo miwili.

*Inagonga kila mzunguko wa pedeli na cheni ni nzima.* Kaza boliti za kranki na za sproketi za mbele, kisha pedeli. Pedeli ya kushoto ina nyuzi za kinyume: inakazwa kinyume cha mwendo wa saa. Kranki ikicheza kushoto na kulia ukiitikisa, ekseli ya kati imekwisha gololi.

*Pedeli inazunguka mbele bila kuvuta gurudumu.* Hutokea asubuhi za baridi kule Molo na Mau Narok, grisi ya zamani ikiganda ndani ya friwili na vile vikucha vya ndani visiinuke. Laza gurudumu, dondosha mafuta ya taa kwenye ufa kati ya sehemu inayozunguka na iliyotulia, zungusha mpaka uchafu utoke, kisha tia oili nyepesi. Isiporudi, badilisha friwili na usiipande kabla ya hapo. Ikiachia umesimama kwenye pedeli utaanguka vibaya.

*Ukiacha kukanyaga, cheni inalegea juu.* Friwili imekwama upande mwingine, haizunguki kwa uhuru. Safisha vilevile. Puli za deraila zilizojaa nyasi hufanya hivyo pia.

Cheni ikikatika njiani

Toa kiungo kilichovunjika kwa kifaa cha kukatia, hakikisha ncha zote mbili zina bati za ndani, funga kwa loki ya akiba. Cheni sasa ni fupi, kwa hiyo usiweke kabisa kubwa mbele na kubwa nyuma, itang'oa deraila. Loki moja na kifaa kidogo cha kukatia vinaingia mfukoni. Kama huna loki, sukuma pini isitoke yote upande wa pili, iache imeshikilia kwenye bati la nje, kisha irudishe. Itakufikisha hadi fundi wa karibu ukikanyaga polepole na kushuka kutembea kwenye milima.

Ukifika kwa fundi, mwambie ulichopima: cheni imevuka kwa milimita ngapi, inaruka kwenye sproketi zipi, na sproketi za nyuma ni ngapi. Atajua vipuri vya kutafuta bila kubahatisha, na hutalipia kitu ambacho hakikuwa kibovu.